Kotabeki akiangushwa mara saba, kosa ni la nani?

"Kocha, salamu nyingi kutoka Houston. Kijana wangu yuko darasa la 11, anacheza kotabeki, yule anayeshika mpira na kuwatupia wenzake, katika timu ya shule ya futiboli ya Kimarekani. Mwaka jana kila mtu alimsifu. Mwaka huu vijana watatu wakubwa waliokuwa wakimkinga pale mbele wamemaliza shule, na mambo yameharibika. Ijumaa iliyopita aliangushwa mara 7 mpira ukiwa mkononi. Karatasi ya takwimu inasema amekimbia yadi 38 na mbele yake kuna alama ya kutoa, sielewi hata maana yake. Siku hizi hata akiachiwa nafasi anatupa ovyo. Baba yake, ambaye anajua Simba na Yanga tu, anasema mtoto amekuwa mwoga. Wazazi wengine jukwaani wanapiga kelele akalishwe benchi. Kosa ni la nani? Tumhamishe shule? Na tangu mechi ile analalamika kichwa, ila hataki kocha wake ajue."

Dada yangu, umeandika mengi kuhusu mpira na mstari mmoja tu kuhusu kichwa. Niruhusu nianze na huo mmoja.

Kijana aliyeangushwa mara 7 Ijumaa na kichwa bado kinamuuma hagusi mpira tena, hata mazoezini, mpaka aonwe na daktari. Mpeleke leo, ikishindikana leo, kesho. Mimi ni kocha wa wanaozuia mbele, si daktari, na kwa maandishi hakuna mtu anayeweza kukuambia ubongo wa mwanao uko salama. Mtikisiko wa ubongo si lazima mtu azimie. Si lazima hata kichwa chenyewe kigongwe: kifua kikipigwa dafrao, kichwa hurushwa nyuma na mbele, na ubongo hutikisika ndani ya fuvu. Helmeti inasaidia fuvu lisipasuke, lakini haiwezi kuuzuia ubongo usitikisike humo ndani. Akitapika mara kwa mara, maumivu yakizidi, akianza kuongea kama mlevi, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, akipata degedege au akawa haamki vizuri, usingoje miadi ya kliniki. Piga 911.

Na hilo la "hataki kocha ajue" lisikutishe. Texas ina sheria ya mwaka 2011 inayosema mwanafunzi anayeshukiwa kupata mtikisiko lazima atolewe mchezoni papo hapo, na kati ya watu waliopewa haki ya kushuku, mzazi ametajwa pamoja na kocha na daktari. Maana yake wewe ukisema "naona mwanangu hayuko sawa", anatoka. Harudi mpaka daktari aandike, amalize hatua za kurejea taratibu, na wewe utie sahihi. Mwandikie kocha wake usiku huu. Mtoto atanuna siku mbili tatu. Anune.

Sasa twende uwanjani.

Tuanze na hiyo karatasi, maana naona ndiyo iliyowapa watu maneno. Kwenye mpira wa shule na wa vyuo, kotabeki akiangushwa kabla hajatupa, zile yadi alizorudishwa nyuma zinaandikwa kwenye hesabu yake ya kukimbia. Kwa hiyo mwanao hakukimbia kurudi nyuma kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Aliangushwa mara 7, kila mara yadi tano au sita nyuma ya pale mpira ulipoanzia, ukijumlisha ndiyo unapata hiyo 38. Kwenye NFL, ligi ya kulipwa ya Marekani, hesabu hizo huwekwa kando, hazimharibii mtu jina la mkimbiaji. Tukio lenyewe huitwa saki, na mimi mazoezini hupenda kusema "kasakwa", kwa sababu kwa Kiswahili neno hilo linasema ukweli wote: kawindwa.

Anayewindwa ana muda gani? Hapo ndipo jibu la swali lako lilipo. Kotabeki anapokea mpira kutoka kwa senta, anarudi hatua tatu au tano, anasimika mguu wa nyuma, anamtazama mpokeaji wa kwanza, akiwa amebanwa anahamia wa pili, kisha wa tatu. Shughuli yote hiyo inatakiwa iishe ndani ya sekunde mbili na nusu mpaka tatu. Wapokeaji nao wanakwenda kwa saa hiyohiyo. Mpokeaji anahesabu hatua zake na kugeuka, na mpira mzuri huwa umeshaondoka mkononi kabla hajageuka. Ukipunguza nusu sekunde tu, yule wa pili na wa tatu wanakuwa hawapo. Wamo uwanjani, lakini kwa kotabeki hawapo, kwa sababu hakufika kuwatazama. Wewe ukiwa jukwaani unaona mpokeaji yuko peke yake upande wa kulia anapunga mikono, unajiuliza "huyu mtoto haoni?" Alikuwa hajafika huko. Alikuwa anakaribia kuvunjwa mbavu.

Wanaompa huo muda ni watu watano: senta katikati, gadi wawili kando yake, na wawili wa pembeni kabisa. Watu hudhani kazi yao ni unene. Unene unasaidia, sikatai. Kwenye NFL kumpata mmoja chini ya kilo 130 ni kazi. Lakini kwa miaka niliyokaa nao, ninachokiona kikivunjika kwanza wakubwa wakiondoka ni maneno. Kabla mpira haujatoka, senta anatakiwa anyooshe kidole na kupaza sauti: wewe shika huyu, mimi na gadi tunahamia kushoto. Halafu wavamizi wawili wa upande wa pili wanafanya hila ya kupishana, mmoja anajitupa ndani, mwenzake anazunguka nyuma yake. Gadi mzoefu hamfuati mtu wake. Anamkabidhi kwa jirani na kumngoja yule anayezunguka. Gadi mgeni anamfuata mtu wake kama mtoto anayefuata tiara, na nyuma yake linabaki tundu ambalo unaweza kupitisha daladala. Wanne wamefanya kazi yao vizuri kabisa, mmoja kapotea hatua moja, kotabeki yuko chini. Mkiwa mmepoteza watatu kati ya watano, hao wapya wanahitaji mechi nyingi kabla hawajaanza kusikilizana.

Hapo nimeeleza yale majaribio saba aliyoangushwa (jaribio ni kila mara mpira unapoanzishwa). Ila wewe umeuliza kitu kigumu zaidi: kwa nini anatupa ovyo hata akiwa na nafasi?

Mwangalie miguu, dada. Kama anatupa kwa mkono wa kulia, tazama mguu wa kushoto. Kotabeki aliyetulia huukanyagisha mbele kuelekea anakotupa, kiuno kinazunguka, mkono unamalizia. Aliyepigwa sana huanza kutupa huku anaegemea nyuma, mguu wa mbele hauna uzito, mpira unapaa juu ya kichwa cha mpokeaji. Kisha mtazame macho. Yanatakiwa yawe mbali, kwa wapokeaji. Ya kwake nadhani yameshuka, yanawatazama wanaokuja. Mwili umeshajifunza kwamba kwenye sekunde ya pili kuna kipigo, na haungoji kuambiwa kwamba safari hii hakipo.

Si uwoga huo, na kama baba yake anauita uwoga, mwambie amfikirie kipa ambaye mabeki wake wanapitwa kila dakika. Kufikia dakika ya 70 kipa huyo ataruka hata mpira unaotoka nje. Sam Darnold alikuwa kotabeki wa New York Jets Oktoba 2019, walipofungwa 33 kwa 0 na New England. Kipaza sauti kilimnasa kwenye benchi akisema anaona mizimu. Marekani nzima ilimcheka. Mwaka 2024 mtu huyohuyo, akiwa Minnesota kwenye timu iliyopangwa vizuri, alishinda mechi 14 na kutupa mipira 35 ya tachidauni, ndiyo mabao ya mchezo huu. Halafu Januari 2025, kwenye mtoano dhidi ya timu ya Rams, ulinzi wake ukafumuka, akaangushwa mara 9, wakafungwa 27 kwa 9, na watu wakaanza upya kusema hafai. Mkono ulikuwa uleule wiki zote hizo.

Nyie wa Houston mnayo hadithi yenu pia, waulize wakazi wa zamani. Texans, timu yenu ya NFL, walipoanza mwaka 2002 walimchukua kotabeki David Carr, namba moja katika uteuzi wa wachezaji wapya wa mwaka ule. Kwa upande wake wa nyuma asikoona, walikuwa wamemchukua Tony Boselli, mzuiaji wa pembeni ambaye leo yuko kwenye jumba la heshima la mchezo huu. Bega la Boselli lilikataa kupona, na hakucheza hata mechi moja Houston. Carr aliangushwa mara 76 msimu ule, rekodi ya NFL ambayo haijavunjwa. Katika misimu mitano jijini kwenu aliangushwa mara 249. Linganisha na kotabeki wa zamani Peyton Manning: mara 303 kwa misimu 17 yote aliyocheza. Carr alipoondoka Houston hakuwahi kuwa kotabeki wa kutegemewa mahali pengine. Ile tabia ya kukwepa kitu ambacho bado hakijaja ilikuwa imeshaingia mwilini.

Hata Patrick Mahomes, kotabeki wa Kansas City, ambaye sidhani kuna anayemwita mwoga. Februari 2021 aliingia Super Bowl, fainali ya NFL, bila wazuiaji wake wawili wa pembeni, wote majeruhi. Karatasi inasema aliangushwa mara 3 tu, lakini alikimbizwa usiku kucha, na timu yake ikafungwa 31 kwa 9 bila tachidauni hata moja. Kansas City wakaujenga upya mstari wote wa wazuiaji. Miaka miwili baadaye, kwenye fainali hiyohiyo, wakakutana na Philadelphia, timu iliyokuwa imewaangusha makotabeki mara 70 msimu ule, na Mahomes hakuangushwa hata mara moja. Wakashinda 38 kwa 35. Februari 2025, timu zilezile, mstari umepwaya tena: mara 6, na kipigo cha 40 kwa 22.

Kufika hapa unaweza kudhani namsafisha kijana. Hapana. Saki nyingine ni mali ya kotabeki mwenyewe, na ukiniletea video za mwanao nina hakika tutazikuta.

Ipo moja ambayo jukwaani huwezi kuiona. Mzuiaji wa pembeni hashindi kwa kumsimamisha mvamizi. Mara nyingi anashinda kwa kumsindikiza. Anamsukuma kwa ubavu apite nyuma, kwenye duara pana, akijua kotabeki wake amesimama yadi saba kutoka kwa senta. Mvamizi anapita patupu. Sasa kotabeki aliyeingiwa na wasiwasi harudi yadi saba, anarudi kumi au kumi na moja, akitafuta usalama. Anakwenda kusimama palepale ambapo mwenzake anamsindikizia adui. Kila mtu uwanjani anamlaumu mzuiaji, na mzuiaji alifanya kila kitu kama alivyofundishwa. Mzuiaji naye anaingiwa na wasiwasi, anaanza kujongea kabla mpira haujatoka, anaadhibiwa yadi tano. Jaribio lililotakiwa kuwa la yadi 10 sasa ni la 15, wapinzani wanajua lazima utupe, wanakuja wote. Ukiuliza nani alianza, wiki ya sita hakuna anayekumbuka.

Kwa hiyo kabla ya kugawa lawama, pima. Nyinyi watatu, wewe, baba yake na kijana, kaeni na video ya mechi na saa ya simu. Ibonyeze mpira unapotoka kwa senta, isimamishe anapoguswa au anapotupa. Kipimo changu ni cha mkono tu, si sheria: akifikiwa kabla ya sekunde mbili na nusu, wengi wa hao ni wa mstari. Akiwa bado ameshika mpira baada ya tatu na nusu, hilo ni lake, au ni la wapokeaji walioshindwa kujinasua. Mvamizi akija mzima mzima bila kuguswa na mtu, usimlaumu mzuiaji haraka. Wapinzani wakileta sita na nyinyi mna watano wa kuzuia, wa sita ni wa kotabeki. Anatakiwa awe ameshamwona kabla, na mpira uende haraka pale alipotoka huyo wa sita. Andikeni kila moja kwenye daftari. Mimi nikibahatisha, kati ya saba zile nne zitakuwa za mstari, mbili za kijana, na moja ya kocha aliyeita mchezo wa polepole kwa timu isiyoweza kuzuia.

Huyo kocha ana dawa, ila kila dawa ina gharama yake. Anaweza kumbakiza mkimbiaji na mchezaji mwingine mmoja nyuma wasaidie kuzuia. Watakuwa saba, muda utaongezeka, lakini wanaobaki kukimbilia pasi ni watatu, na wapinzani wakileta wanne wanabaki saba wa kuwazuia hao watatu. Muda upo, wa kumtupia hayupo. Anaweza kumhamisha kotabeki atupe huku anakimbia pembeni. Inamtoa kwenye moto, ila nusu ya uwanja inakufa. Ninayoipenda mimi kwa mstari mchanga ni pasi fupi za haraka, hatua tatu na mpira umeondoka, pamoja na kukimbiza mpira zaidi hata kama haupati yadi nyingi. Mzuiaji mgeni anapenda mchezo wa kukimbia kwa sababu yeye ndiye anayempiga mtu, hangoji kupigwa. Watoto hao wanahitaji kumsukuma mtu mara kumi kabla ya kuambiwa warudi nyuma wakinge.

Na kijana mwenyewe afundishwe kuutupa nje. Akishatoka kwenye eneo la wazuiaji wake, kanuni zinamruhusu kuutupa mpira nje ya uwanja ilimradi uvuke mstari ulipoanzia. Vijana waliowahi kusifiwa hawapendi kufanya hivyo, kila mmoja anataka kuokoa jaribio. Joe Burrow wa Cincinnati ndiye anayewaponza. Alivunjwa goti Novemba 2020, akarudi 2021 akaangushwa mara 51 msimu wa kawaida, mara 9 katika mechi moja ya mtoano na wakashinda, halafu akafika Super Bowl. Watoto wanaona ushujaa. Wanasahau kwamba kule mwisho aliangushwa mara 7 nyingine na wakapoteza kwa pointi tatu. Mimi nikiulizwa, namtaka kijana wa miaka 16 anayetupa mpira jukwaani jaribio la pili na kucheza mechi ya kumi.

Kuhusu kuhama shule, polepole. Chama kinachosimamia michezo ya shule Texas, UIL, hakimruhusu mwanafunzi aliyehama kwa sababu ya michezo kucheza timu ya kwanza kwa mwaka mzima, na shule anakotoka huulizwa sababu kwa fomu. Mwanao yuko darasa la 11. Piga hesabu. Ungekuwa umeniambia kocha anamchezesha akiwa na maumivu, ningekuambia hama kesho, hata kama mpira hatacheza kabisa. Lakini kuhama kwa sababu wazuiaji ni wageni, wakati wageni hao mwakani watakuwa wenyeji, sioni faida.

Benchi je? Kama kwa wiki mbili zijazo daktari atasema apumzike, hilo limejibiwa, na huenda likamfaa hata kimchezo. Wakati wa kupumzika asimame nyuma ya wazuiaji mazoezini, asikilize senta anaita nini. Makotabeki wengi hawajui majina ya makosa wanayowalaumu wenzao.

Jambo la mwisho ni la nyumbani, na nalisema kama mtu aliyecheza gadi miaka minne bila jina lake kutajwa kwenye spika hata siku moja isipokuwa alipoadhibiwa. Mwaka mmoja mama wa kotabeki wetu alitualika watano Alhamisi jioni. Sufuria ilikuwa ya shughuli, ile ya mpini huku na huku. Yule kijana aliyekuwa hatusemeshi alikaa chini kwenye mkeka katikati yetu akigombania nundu na senta wetu, na kabla ya chai tulikuwa tumeshapanga neno la kuambiana wavamizi wakipishana. Kwa hiyo daktari akishamwona, waite wale watano. Pika pilau. Kadiria kilo moja ya mchele kwa kila wawili, na usimwamini anayekuambia ameshiba.